Makofi Katikati ya Wimbo

Tarehe 2 Desemba

Mama Chiriku,

Leo ni miezi tisa tangu niwaache pale kituo cha basi, wewe umemshika Chiriku mkono na yeye amekumbatia kiatu changu kimoja cha kanisani ili nisiweze kuondoka. Niliondoka na kimoja. Ninacho mpaka leo chini ya kitanda, na wenzangu wa kambini wananiuliza mguu mwingine niliuzika wapi.

Mimi mzima. Kazi ni ile ile, mashine ya kuvunja zege. Tunabomoa sakafu ya zamani ya jengo kubwa ili waliotajirika wapate sakafu mpya. Mashine inanitetemesha mchana kutwa, na nikilala mikono inaendelea peke yake kama ya mtu anayekanda unga ndotoni. Lakini leo sikuandikii kulalamika. Kuna jambo zuri.

Mbele ya stesheni ya treni kuna uwanja mpana. Wamejenga jukwaa la mbao, na kila jioni mpaka Krismasi kuna watu wanapiga muziki wa bure. Siku ya kwanza nilisimama mbali, nikingoja mtu apite na kopo la mchango. Hakupita mtu. Siku ya pili nikasogea. Sasa nasimama mbele kabisa na viatu vyangu vya vumbi, kulia kwangu mama aliyevaa koti la manyoya, kushoto kwangu mfagiaji na ufagio wake, na hakuna anayemfukuza mwenzake.

Kuna mzee anayepiga tarumbeta, nimempa jina Mashavu, maana akipuliza mashavu yanajaa mpaka unataka kumshikia kichwa kisipasuke. Kuna binti wa fidla. Anavuta upinde kama fundi anayekata ubao laini asiotaka uchanike, taratibu, kiwiko kikiwa juu. Na mpiga ngoma ana mguu mmoja usiojua kutulia, hata wenzake wakipumzika, huo mguu unaendelea. Nawaangalia mpaka nasahau njaa. Ningekuwa na wewe pale, ungeninyamazisha kama kawaida yako.

Kuhusu simu, usihangaike kunipigia. Ilinidondoka tulipokuwa tunamwaga zege, na sasa imelala ndani ya nguzo. Jengo hilo likisimama miaka mia, simu yangu itakuwa humo. Niandikie tu, nimeongea na kondakta wa lile basi la kwetu, atakuwa anabeba barua zetu.

Msalimie Chiriku. Mwambie apige kiatu dawa.

Mimi mumeo,
Baba Chiriku


Tarehe 7 Desemba

Baba Chiriku,

Barua imefika ikiwa na alama ya mafuta ya gari, lakini imefika. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye cherehani, mteja akisubiri pazia lake. Amenuna, ataliona kesho.

Nimeipigia nguzo yako. Inaita. Imeita mpaka ikakata, nikapiga tena ikaita tena. Ni nguzo ya ajabu hiyo, ina chaji kuliko simu yangu. Sijui kwa nini unanidanganya kwa jambo dogo hivi, na sitakuuliza leo kwa sababu nina habari kubwa kuliko simu.

Unakumbuka kinanda cha kanisani kiliharibika, na kabla hujaondoka wewe ndiye uliyekuwa ukiwaanzishia kwaya wimbo kwa mdomo. Tangu umeondoka wanaanza kama kuku waliotishwa, kila mmoja na upande wake. Mwalimu wa kwaya amechoka. Jumapili iliyopita aliwajaribu watoto mmoja mmoja, na amemchagua Chiriku aanzishe wimbo wa kwanza mkesha wa Krismasi. Peke yake, bila chombo chochote, amesimama pale pale ulipokuwa ukisimama wewe. Ubeti mzima wa kwanza ni wake, ndipo wengine waingie.

Alipoambiwa alinyamaza siku nzima. Chiriku, kunyamaza. Nilimpima homa.

Sasa anataka jambo moja tu. Hataki gauni, hataki viatu. Anataka saa moja jioni ya mkesha uwe kwenye simu, mimi nishike yangu juu pale mstari wa mbele, ili usikie. Anasema akijua unasikiliza hatakosea. Nimemwahidi. Kwa hiyo toa simu kwenye hiyo nguzo kwa njia unayoijua mwenyewe.

Ameomba kuandika hapa chini, namwachia kalamu.

Baba ni mimi. Kiatu chako nimekipiga dawa mara nyingi mpaka kinateleza. Sikurudishii mpaka uje. Mwalimu amesema nina sauti yako ila yangu ni nyembamba. Usichelewe kwenye simu.

Ni sisi,
Mama Chiriku na Chiriku wako


Tarehe 11 Desemba

Mama Chiriku,

Umenikamata. Simu haiko kwenye nguzo. Ninayo, ila vumbi linaiua, kwa hiyo namwachia mpishi wa kambi aitunze jikoni, na mara nyingi nasahau kuichukua. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka kukuchekesha.

Habari ya Chiriku nimeisoma mara nyingi. Niliipeleka mpaka kazini mfukoni. Mwambie baba yake amesimama wima kwa fahari. Mwambie asikaze mabega, na kabla hajaanza ameze mate, asione haya, watu wangoje. Kuhusu simu ya mkesha, tuone kazi itakavyokuwa. Siku hizi hata jioni wanatubakiza. Usimpe moyo sana.

Acha nikuchekeshe kwa jambo la kweli sasa. Juzi pale uwanjani walikuwa wanapiga vizuri sana. Mara binti wa fidla akashusha upinde, Mashavu akaweka tarumbeta yake mapajani, hata ule mguu wa mpiga ngoma ukatulia. Mimi nikajua wimbo umekwisha, nikapiga makofi. Unavijua viganja vyangu, ni kama mbao mbili. Nikapiga kwa moyo wote, nikainua mikono juu wengine wanione waniunge mkono. Hakuna aliyeniunga. Uwanja mzima ukageuka. Yule mama wa koti la manyoya aliniangalia kama mtu aliyetemea mate mtungini. Kumbe wimbo ulikuwa haujaisha. Nikashusha mikono polepole, nikajifanya nilikuwa nakung'uta vumbi. Mfagiaji peke yake ndiye aliyecheka, na mimi nikacheka naye ili aibu igawanyike.

Tangu siku hiyo nasimama pembeni, kwenye kona ya jukwaa. Naweka kiganja juu ya mbao. Ngoma ikipigwa mbao zinatetemeka kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi. Ni raha, huwezi kuamini. Nakaa hivyo mpaka wanakunja viti.

Msijali kuhusu mimi.

Wako,
Baba Chiriku


Tarehe 15 Desemba

Kwako,

Mrefu wa kambini kwenu amekuja likizo. Amepita nyumbani na sabuni kipande, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za kazi yenu yote bila kukutaja, mpaka nikamuuliza mwenyewe. Ndipo akaanza kuangalia kikombe.

Nikamwambia, shemeji, sema tu, mimi si mtoto.

Amesema kila jioni uko kwenye muziki wa bure na mwanamke. Amesema mnasimama karibu, mwanamke anakuongelea usoni hivi, pua kwa pua, na anakushika mkono. Amesema alikuona barabarani, akakuita kwa jina lako, akakuita tena, mara ya tatu watu wakageuka wote isipokuwa wewe, ukaendelea na safari. Amesema, na nanukuu, "Shemeji, jamaa ameota mapembe. Hatutambui tena."

Nikasema Mrefu ana chuki, kila mtu anajua mliwahi kugombania kitanda cha dirishani. Nikamtetea mume wangu. Nilipomsindikiza nikarudi ndani nikakupigia. Simu ikapokelewa na mwanamke.

Hata hakunipa nafasi. Alisema, "Hawezi kuongea, mama. Nisamehe." Akakata.

Nimekaa na hilo neno tangu jana. Nimsamehe nini?

Kumbe ndiyo sababu ya nguzo. Ndiyo sababu ya "tuone kazi itakavyokuwa". Mimi huku naunga vitambaa vya mapazia ya watu mpaka vidole vinakosa hisia, mtoto anafanya mazoezi chooni ili majirani wasisikie, na wewe unaniandikia habari za mbao zinazotetemeka, na raha, na huwezi kuamini. Naamini.

Sitakuuliza jina lake. Nataka unijibu moja tu, mkesha utapokea simu ya mwanao au hutapokea. Mimi niache pembeni. Nikimwambia hapokei, niambie na sababu ya kumpa, kwa maana sababu yangu mimi haifai kuambiwa mtoto wa miaka tisa.

Mama Chiriku


Tarehe 18 Desemba

Mama Chiriku,

Huyo uliyeongea naye ndiye mpishi wa kambi. Ana wajukuu, na mmoja wao ana ndevu. Ndiye huyo huyo anayekwenda nami kwenye muziki. Sina mwanamke. Kama hutaniamini sina la kukulazimisha.

Mwambie Mrefu anisamehe, sikumwona.

Mwambie Chiriku aimbe bila kuningoja kwenye simu. Mwambie kazi. Mwambie lolote. Mimi nimechoka mama, nimechoka mpaka kalamu nzito. Jana kazini kulikuwa na jambo, nitakueleza siku nyingine.

Aimbe. Asikaze mabega.

Baba Chiriku


Tarehe 21 Desemba

Baba Chiriku,

Barua yako ya tarehe kumi na nane niliikunja nikaitia mfukoni nikiwa na hasira, nikaenda kushona. Sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, nikashona mkono wa gauni ukafungwa kabisa kama mfuko. Nikaacha. Nikachukua barua zako zote za mwezi huu nikaziweka juu ya meza ya kukatia, kutafuta mahali huyo mwanamke alipoanza.

Sikumwona mwanamke. Nimeona kitu kingine na moyo wangu haujatulia.

Umeniandikia muziki, muziki, muziki. Mashavu, kiwiko, mguu, upinde. Hujaniambia walipiga wimbo gani. Wewe, uliyekuwa ukirudi kutoka sokoni ukinisimulia redio ya kinyozi wimbo kwa wimbo. Wewe uliyekuwa ukisikia mlango wa jirani na kusema unalia juu kuliko wetu. Umeniandikia muziki kama mtu anayeuangalia kupitia kioo cha dirisha.

Halafu yale makofi.

Unakumbuka siku ulipoanza kunijua? Kwaya yenu ilikuja kwetu, mimi nimeketi mbele na shangazi. Mlipofika pale katikati mkanyamaza wote, mimi nikapiga makofi, peke yangu, kanisa zima. Shangazi akanifinya. Ukaniangalia kutoka mstari wa nyuma ukanipungia kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Baadaye ukanifuata nje ukaniambia, "Dada, wimbo ukinyamaza haujaisha, unavuta pumzi." Nimekaa na wewe miaka yote hii, nimekuona ukilewa, nimekuona ukilia, nimekuona na homa hujui jina lako. Sijawahi kukuona ukipiga makofi katikati ya wimbo.

Na Mrefu alikuita akiwa nyuma yako. Nimemwendea jana kumuuliza. Nimemuuliza pia yule mama ana umri gani. Akasema, mtu mzima, kama mama zetu. Hilo hakulisema mara ya kwanza kwa sababu sikumuuliza, na yeye alikuwa na utamu wa kusimulia.

Baba Chiriku, unasikia?

Niandikie hata neno moja. Sitapiga kelele, sitalia mbele ya mtoto. Tangu lini? Kwa nini ulichagua nikuone mhuni kuliko nikuone mgonjwa?

Chiriku sijamwambia kitu. Mkesha, saa moja jioni, nitapiga hiyo simu. Atakayepokea apokee. Mwambie mpishi asikate.

Mkeo


Tarehe 26 Desemba

Mke wangu,

Sisikii.

Nimeandika hilo kwanza ili lipite, maana nimeanza barua hii mara tatu nikaanza na salamu, na salamu zikanipeleka mbali.

Sikio la kulia lilianza kuziba mwezi wa sita. Nikadhani ni vumbi, nikatia mafuta. La kushoto lilifuata mwezi wa kumi, siku chache tu baada ya ile simu yetu ya mwisho, uliponiuliza mbona unapayuka. Wanatupa vifuniko vya masikio, wala sisemi hawatupi. Lakini ukivivaa husikii filimbi ya msimamizi, na usiposikia filimbi anakutukana mbele ya watu. Kwa hiyo sote tunavivaa shingoni, kama shanga. Akija mkaguzi tunavipandisha, akiondoka tunavishusha. Ndiyo desturi yetu, na nilikuwa hodari kuwafundisha wageni.

Mpishi alinipeleka kwa daktari. Alichungulia huku na huku, akanisemesha, akaona naangalia midomo. Akachukua karatasi akaandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, HAIRUDI. Nilikaa na ile karatasi nikijaribu kuisoma vingine.

Kazini nilikuwa najificha. Mashine ikiwaka kila mtu ni kiziwi, tunaongea kwa mikono, hakuna aliyejua. Lakini tarehe kumi na saba ubao ulishuka kutoka juu, wote wakapiga kelele na kukimbia, mimi nikabaki nimeinama. Ulipita hapa kwenye bega ukachana shati. Msimamizi hakusema kitu. Wakati wa chai akaja nyuma yangu na ndoo ya bati akaigonga kwa nyundo. Nilikuwa nakunywa, nikaendelea kunywa. Niliona wenzangu wakicheka, kisha nikaona wameacha kucheka. Mwisho wa mwezi huu ndio mwisho wangu hapa.

Umeniuliza kwa nini nilichagua unione mhuni. Mhuni unaweza kumfokea, na siku moja akaacha uhuni. Hili huwezi kulifokea. Na mtoto alikuwa amekwisha kusema akijua nasikiliza hatakosea. Nikajiuliza nitamwambiaje kwamba asiyesikiliza ndiye baba yake.

Siku ile ya makofi sikukueleza yote, kwa sababu nami sikuwa najua yote. Mpishi ndiye aliyeniandikia baadaye kiganjani. Wale wakubwa walinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anaimba peke yake. Alikuwa upande wa pili wa jukwaa, sikumwona. Mtoto wa kike, mdogo, wa umri wa huyu wetu. Na mimi nikampigia makofi juu ya sauti yake mpaka akakatika. Tangu hapo nimeogopa mkesha kuliko nilivyoogopa ule ubao.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nne mchana. Nilimwonyesha mpishi. Aliisoma, akafuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu akaitia kifuani, akanivuta mkono twende.

Uwanja ulikuwa umejaa. Ilikuwa jioni ya mwisho, walikuwepo wote, Mashavu na binti na yule wa mguu. Tukasimama kwenye kona yetu. Nikaweka kiganja kwenye mbao lakini moyo haukuwepo. Saa moja simu ikawaka mwanga. Mpishi akaipokea, akaziba sikio jingine, akafumba macho. Nikamwona anangoja. Nikajua na kwaya inangoja, na Chiriku anameza mate kama nilivyomwambia.

Halafu mpishi akauchukua mkono wangu kutoka kwenye mbao, akauweka juu ya koo lake. Na akaanza kuimba alichokuwa anakisikia.

Sijui nikueleze vipi. Ni koo la mama mtu mzima, lina mikunjo. Lakini kilichopita humo kilikuwa cha mwanangu. Lilitetemeka kidogo, likapanda, likasita, likashuka nusu kidole, likakaa. Nikajua ameanza juu mno akajirekebisha mwenyewe, bila kuogopa, bila kusimama. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikikosea mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijirekebisha. Ubeti mzima uliingia kiganjani mwangu. Kisha koo likatulia, na safari hii sikupiga makofi. Nikangoja. Likavuta pumzi, likarudi na nguvu, na hapo nikajua wengine wameingia. Mpishi alikuwa analia na anaimba pamoja, na watu wakituangalia, wacha watuangalie.

Nimefurahi, na furaha hiyo imenivunja, yote kwa pamoja. Kwa maana sauti yake yenyewe siijui. Sitaijua. Ninayo ile ya kituoni tu, amekumbatia kiatu ananiambia, "Huendi popote." Hiyo ndiyo ya mwisho niliyobaki nayo isiyo ya kwenye simu, na naitunza. Atakuwa msichana, atakuwa mama wa mtu, na mimi nitamsikia bado ana miaka minane.

Wewe pia ninayo yako. Ile ya kusema nyamaza, unawaamsha watu.

Mwambie Chiriku wewe, kwa maneno yako. Usimwambie kwamba ni kwa sababu ya kuwatafutia ninyi, asije akajibebesha. Mwambie mashine ina kelele na baba alivivaa vifuniko shingoni. Mwambie nilikuwepo mkesha, na kwamba alianza juu kidogo. Akikataa, muulize nani angelijua hilo kama hakuwepo. Na mwalimu wa kwaya mwambie asiningojee, mahali pangu pamepata mwenyewe.

Nitashuka Jumamosi tarehe tatu Januari, basi la kwanza la asubuhi, kituo kile kile. Msiniite, wala msinijie kwa nyuma. Chiriku asimame mbele ya watu na akiinue juu kile kiatu. Nitakuwa mlangoni mwa basi na hiki kingine mkononi, nikimtafuta.

Mumeo,
Baba Chiriku